Taa za ukungu: njano au nyeupe?

Kwenye taa za ukungu za gari, wanaotetea njano huanza na kanuni ya mwanafizikia Rayleigh kuhusu mtawanyiko wa mwanga: kadiri wimbi la mwanga linavyokuwa fupi ndivyo linavyotawanyika zaidi, tena kwa kipeo cha nne. Bluu ya nanomita 450 hutawanyika zaidi ya mara 4 ya nyekundu ya nanomita 650. Hesabu ni sahihi, ila ni ya molekuli za hewa. Tone la ukungu lina upana wa mikromita kadhaa hadi makumi, kubwa kuliko wimbi lenyewe, nalo hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Ndiyo maana ukungu ni mweupe, si wa bluu. Hapo ni sare.

Kwenye moshi mwembamba, wenye chembe ndogo kuliko mikromita moja, njano inapenya vizuri zaidi. Kwa wingi wa mwanga nyeupe iko mbele, kwa sababu kichujio cha njano hula bluu. Matunzo hayatofautiani.

Ukiendesha zaidi usiku mkavu, baki na nyeupe. Mng'ao ukikuchosha macho (mimi hunichosha), jaribu njano. Na kwenye ukungu mzito, shusha taa chini kwanza, rangi baadaye.