Bigijii ya nikotini kwa mtu wa mwaloni: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana najua wengine mnasoma haya mkiwa na kipisi mkononi. Inafanya kazi. Ningeinunua tena, na ndugu yangu akitaka kuacha sigara nitamwambia ainunue. Ila wengi niliowasikia wakiiponda walikuwa wanaitafuna vibaya, na hata ukiitumia vizuri kuna sehemu ya kazi ambayo haiifanyi kabisa.

Mimi ni dalali wa dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kazi yetu ni kusubiri. Unafika kabla jua halijatoka, boti za visiwa vya Ukara na Goziba hazijaonekana, upepo wa ziwa unakupiga kifuani, wachukuzi wamejilaza juu ya magunia, na burudani ni mbili tu: kahawa na fegi. Boti ikitia nanga kuna kelele za bei, zikiisha unavuta. Lori likichelewa, unavuta. Mteja akianza kukuzungusha na hela, unavuta mbili mfululizo. Nimeishi hivyo tangu ujana, na pakiti ilikuwa hainifikishi jioni. Naeleza haya mjue bidhaa hii nimeipimia wapi. Mwaloni ukigeuka huku unaona kiberiti, ukigeuka kule unapuliziwa moshi usoni.

Kuipata ni kazi. Maduka ya dawa ya mtaani niliyopita hayakuwa nayo, moja wakanipa dawa ya kikohozi kama kifuta jasho. Niliipata famasia kubwa ya katikati ya mji, nayo ilikuwa imebaki na ladha moja, ya minti. Bei inauma: boksi lilizidi hela yangu ya sigara ya wiki nzima, na wiki haikuisha kabla ya boksi kuisha. Shirika la Afya Duniani limeiweka bigijii hii, pamoja na plasta ya nikotini, kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Kwa sisi wa Kirumba bado ni kitu cha mwenye nacho.

Binti aliyeniuzia ndiye aliyenifungua macho. Kanisalimia shikamoo, nikaitikia, nikamwambia shida yangu. Nilidhani ataniuliza navuta ngapi kwa siku. Akauliza, "Baba, ukiamka asubuhi, ya kwanza unavuta baada ya muda gani?"

"Kabla ya mswaki," nikamjibu.

"Basi wewe ni wa miligramu 4."

Kumbe ndicho kipimo chenyewe. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke anahitaji ya miligramu 4. Anayeweza kukaa zaidi ya hapo inamtosha ya 2. Ukichukua ndogo kuliko mwili wako unavyodai, utakaa siku nzima na arosto, yaani mateso ya kukosa sigara, na kusema dawa ni feki.

Sasa namna ya kuitumia, na hapa naomba msirukie aya. Unaing'ata taratibu, mara chache tu, mpaka usikie ladha kali ya pilipili na ulimi unachonyota. Hapo acha kutafuna. Ibane kati ya shavu na ufizi, itulie. Ukali ukipungua, ng'ata tena kidogo, hamishia upande wa pili. Hivyo hivyo kwa karibu nusu saa, kisha itupe. Nikotini yake inapita kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo kuingia kwenye damu. Ukiimeza na mate inaishia tumboni, haikusaidii sana, na inakuletea kwikwi, kiungulia na kichefuchefu. Kijana mmoja mchukuzi nilimpa ajaribu, nikamwelekeza, akaona namchosha. Akaitafuna kwa kasi kama zile za dukani anazopulizia mapovu. Kwikwi zilivyomshika, wenzake walimcheka mpaka mzigo ukasimama. Hadi leo anawaambia watu nilimpa sumu.

Halafu kuna sharti lililonitesha kuliko yote: usile wala kunywa chochote isipokuwa maji kwa dakika 15 kabla, wala wakati ipo mdomoni. Kahawa, soda na juisi zina asidi, na mdomo ukiwa na asidi nikotini haipiti vizuri. Yaani unaweza kutafuna ya bei yote ile huku unashushia kahawa, ukawa umetupa hela ziwani. Fikiria mtu wa mwaloni anaambiwa achague kati ya kikombe na bigijii saa 11 alfajiri.

Kahawa ina mambo mengine pia, na hili naona watu hawaambiwi. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ini linapunguza kasi, na vikombe vilevile ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Bigijii hairekebishi hilo, kwa sababu kazi ile inafanywa na moshi, nikotini haihusiki. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usiku unahesabu mabati, na wewe unasema ni hamu ya sigara. Mimi nilipunguza kahawa nusu, nikabakiza kikombe cha alfajiri. Nakunywa kwanza, nasubiri, ndipo naweka bigijii. Usingizi ulirudi kabla hamu haijapungua, na hilo peke yake lilinipa moyo.

Jambo lingine ni saa. Moshi ukiuvuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, 20 hazifiki. Ya bigijii inapanda polepole, inachukua kama nusu saa kufika kileleni, na haifiki juu kama ya sigara. Sigara ni bodaboda, hii ni kivuko cha Kamanga: inakuvusha, lakini lazima uwahi gatini. Ukingoja mpaka hamu ikukabe koo ndipo uitoe mfukoni, umechelewa, na hapo ndipo mkono unakwenda kwa jirani kuomba "nipige pafu moja." Maelekezo ni kipande kimoja kila saa moja au mbili kwa wiki 6 za mwanzo, bila kuvuka 24 kwa siku, kisha unaachanisha muda hadi ufikishe wiki 12. Niliweka simu initingishe mfukoni. Wenzangu wakadhani nina mchepuko.

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo mbaya, dalili hupanda hadi kilele hapo, kisha zinashuka pole pole kwa wiki kadhaa. Bigijii ilipunguza makali, haikuyafuta. Nilikuwa na hasira ya kipuuzi. Mtu akiniuliza bei ya gunia naona kama ananitukana. Nyumbani mama watoto aliwaambia wanangu, "Baba yenu mwacheni, anapigana na kitu," akaninyamazia na yeye, nikamshukuru baadaye. Kulikuwa na asubuhi moja boti ilichelewa, wateja wawili wa kutoka Kongo wananipigia simu kwa zamu, na mzee mmoja akakaa ubavuni kwangu akawasha. Bigijii ilikuwa mdomoni tayari, na bado niliona kabisa mkono wangu unanyooka. Kilichoniokoa siku ile ni miguu. Nikainuka nikaenda upande wa akina mama wanaochambua dagaa, maana pale ukiwasha fegi utasemwa mpaka ukoo wako ujulikane. Nikawauliza habari za bei, habari za watoto, nikazungumza upuuzi. Kufika mwisho wa salamu, hamu ilikuwa imelegea.

Hapo ndipo nilipoelewa bidhaa hii inafanya nini na haifanyi nini. Wimbi la hamu huchukua dakika chache tu, likipata wa kulibeba unavuta, likikosa linapita. Bigijii inashughulika na deni la mwili: kutetemeka, kichwa kuuma, akili kutawanyika. Ile sigara ya baada ya ugali, ya boti kufika, ya kumsubiri mdaiwa, hiyo haidaiwi na damu. Inadaiwa na saa yenyewe, mahali penyewe na mkono uliozoea kushika kitu. Kwa hiyo nililipa madeni mawili tofauti. La mwili kwa bigijii. La mkono kwa matobolwa.

Ndiyo, matobolwa. Ukiwa hukulelewa Usukumani, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani hadi vikawa vigumu. Unaloweka kipande mdomoni, kinakupa kazi muda mrefu, na ni rahisi kuliko chochote cha famasia. Naviweka mfuko wa shati, palepale pakiti ilipokuwa inakaa. Karanga nilijaribu nikaziacha, zinaisha haraka na tumbo likaanza kutangulia mbele yangu, maana hamu ya kula inapanda sana ukiacha sigara. Muwa ni mzuri ila nani anatembea na muwa kwenye mizani? Kumbuka tu usichanganye: vya kula ni kabla au baada, si wakati bigijii ipo shavuni.

Mengine yatakayokushangaza: kikohozi kiliongezeka badala ya kupungua, kwa sababu mapafu yanaanza kujisafisha. Choo kilifunga siku za mwanzo, maji mengi na mapapai yakasaidia. Kamba za taya zilichoka. Mwenye meno ya bandia hii itamsumbua, inanasa. Aliye mjamzito au aliyepata shida ya moyo hivi karibuni aanzie kwa daktari kwanza, asianzie kaunta. Na wenye watoto wadogo nawaomba sana: kwa mtoto hii ni bigijii kama bigijii nyingine, na nikotini iliyomo inaweza kumdhuru vibaya. Yangu inakaa juu ya kabati, na hata zilizotafunwa nazifunga kwenye karatasi ndipo nazitupa.

Nilipouliza imetoka wapi nikapata hadithi iliyonifurahisha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Uswidi, waliona mabaharia wa nyambizi, ambao wakiwa chini ya maji hawawezi kuvuta, wanahamia kwenye tumbaku ya kuweka mdomoni. Mkemia Ove Fernö wa kampuni ya dawa iitwayo AB Leo, mjini Helsingborg, akaanza kutengeneza bigijii yenye nikotini bila tumbaku. Kwa hiyo tangu mwanzo ni dawa ya watu wa majini. Nimewaambia wenzangu mwaloni, wamesema basi tungepewa bei ya wenyewe.

Kuna wazee watakuuliza, si ni nikotini ileile, umehama chumba tu? Nikotini ndiyo inayokufunga, lakini lami na hewa ya sumu ya kaboni vinatoka kwenye moshi, na ndivyo vinavyokula mapafu na mishipa. Kutumia dozi inayoshuka hatua kwa hatua bila moshi ni jambo jingine kabisa. Ugoro je? Mzee mmoja alinishauri nihamie huko, eti ni wa asili na ni bei poa. Ugoro ni tumbaku, unaleta saratani ya mdomo, na hauna wiki ya 12.

Kwa wanaopenda hesabu: tafiti nyingi zikiwekwa pamoja, anayetumia nikotini ya badala ana nafasi ya kufanikiwa iliyo kubwa kwa asilimia 50 hadi 60 kuliko anayejaribu bila kitu. Msisome kwamba zaidi ya nusu ya wanaonunua wanaacha, hapana. Wanaoacha kavukavu ni wachache, hii inawaongeza hao wachache. Mimi naona inastahili hela yake. Ningeikata alama kwenye bei, kwenye ladha (minti ya dukani ni tamu zaidi), na kwenye karatasi ya maelekezo ambayo haina hata neno moja la Kiswahili. Bila yule binti ningekuwa namlaumu mchukuzi wangu huku nina kwikwi mwenyewe.

Sasa nimefika hatua ya kuachanisha muda. Nyumbani siihitaji kabisa, mwaloni alfajiri bado naibeba. Kilichobaki kunisumbua ni usiku wa safari za visiwani, ukiwa kwenye boti na manahodha wanaovuta mfululizo, na kutafuna saa zote hizo taya hazikubali. Nasikia plasta ya nikotini ikibandikwa asubuhi inatoa dozi taratibu siku nzima, na ukiiunganisha na bigijii kwa nyakati za hamu kali matokeo ni mazuri kuliko kutumia moja peke yake. Hospitali ya Bugando sijaulizia bado, famasia za mjini nilizopita hawana. Aliyeiona Mwanza, hata Bukoba au Musoma, anitajie mtaa na bei, nina safari ya Ukara giza lijalo, yaani siku zijazo zisizo na mbalamwezi.