Vocha ya siku 30, mzazi wa siku 40

Wifi yangu alipojifungua mtoto wa kwanza alipata mabeseni manne ya kuogeshea. Manne! Moja ndilo lililomwogesha mtoto, mengine mpaka leo yanalowekewa nguo kule Nkuhungu. Alipojifungua wa pili, mwezi Juni, nikaapa sipeleki kitu cha kubahatisha. Hela nazo sikutaka. Nyumba ya mdogo wangu naijua: ukituma 80,000 jioni, kesho yake zimeshakuwa LUKU na gunia la mkaa, na mzazi hajanunua hata kitambaa cha kichwa.

Nikaenda duka moja la vitu vya watoto hapa mjini, si mbali na Nyerere Square, nililosikia lina vocha za zawadi. Unalipa kaunta, dada anachukua kadi ngumu yenye picha ya nyayo za mtoto, anaandika jina la atakayepewa, kiasi na namba, anagonga muhuri, kisha ananakili kwenye daftari. Nikalipa 80,000. Risiti ya mashine, akasema, itatoka siku vitu vikichukuliwa. Hapo ningeuliza zaidi, ila bodaboda alikuwa ananipigia honi nje.

Mama alikuwa ameshafika kutoka Mpwapwa na kuku wawili na unga wa ulezi. Niliposema nimeleta vocha, akauliza, "Ya mtandao gani?" Nikamweleza. Akaigeuza kadi, akaitikisa bahasha kuona kama kuna kingine, akamrudishia mkwewe bila neno. Wifi mwenyewe aliipenda. Aliiweka chini ya mto, na kila nikienda kumwona ana orodha mpya: sweta lenye kofia (upepo wa Dodoma wa Juni na Julai hauoni kama huyu ni kichanga), chandarua cha mwamvuli, chupa ya chai, mara chupa ya chai imetoka na blanketi limeingia. Raha ile ya kuchagua ndiyo niliyokuwa nimeilipia, na niliiona.

Kasoro ilikuwa nyuma ya kadi, kwa maandishi madogo: itumike ndani ya siku 30. Jamani, duka la vitu vya watoto! Mzazi yuko ndani mpaka arobaini, na kwa mama yangu arobaini haina mjadala. Zikiwa zimebaki siku nne mdogo wangu akaenda kumchukulia, akarudishwa: jina la kwenye kadi si lake, aje mwenyewe. Wifi alipotoka, kadi ilikuwa imeshakufa. Alinipigia akiwa pale kaunta, ile sauti ya mtu anayejizuia kulia mbele za watu.

Nikaaga kazini, nikaenda. Dada ananionyesha maandishi, mimi namwonyesha mtoto mgongoni kwa mama yake. Mwenye duka akatoka stoo, akamtazama mtoto, akauliza ana siku ngapi. Akachukua kalamu, akaongeza siku 14 na kutia sahihi. Hakubishana hata kidogo, hilo lazima niliseme.

Vitu vyenyewe ni vizuri. Sweta limefuliwa sijui mara ngapi na halijalegea, chandarua kinafunguka na kukunjika bila kusumbua. Bei zao zimezidi kidogo za Soko la Majengo, lakini Majengo hawana vocha.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Nitanunua tena, ila nitasimama pale pale kaunta waniandikie tarehe ya mwisho ninayoitaka mimi na jina la mume pembeni, bodaboda apige honi mpaka achoke.

Vitu vya wifi vilifika 73,500. Chenji hawarudishi, hilo nalo hatukuambiwa, kwa hiyo 6,500 zilizobaki zikawa soksi za mtoto jozi tatu. Jozi moja imeshapotea mguu mmoja.