Riwaya za dada aliyeachika: kitabu au simulizi za kwenye simu?

Huu ubishi hapa Mbeya hauishi. Tuanze na bei, simu inaonekana rahisi maana sehemu ya kwanza unapewa bure, ila ukishanogewa unaambiwa lipia ndo uendelee, bando nalo linakata, ukijumlisha unakuta umekaribia bei ya kitabu. Kitabu unatoa hela mara moja afu unamwazima jirani (kurudishiwa sasa, hiyo kesi nyingine). Kwenye uhakika kitabu kinashinda wazi, mtunzi wa simu anaweza kukuacha dada yuko baraza la usuluhishi na yeye akapotea jumla. Tena kitabu kina nafasi ya kueleza mambo, mfano kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kuhusu kugawana mali, au kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983 ambapo kazi za nyumbani zilihesabiwa ni mchango. Simulizi nyingi nilizosoma kwenye simu dada anaondoka na begi tu!

Utunzaji, mvua za Tukuyu karatasi inavimba, simu inataka chaji tu.

Ila simu ina siri, hakuna anayeona jalada, na kama ndoa yako yenyewe inawaka moto hilo si dogo. Una genge Mwanjelwa unasoma katikati ya wateja? Simu. Uko kijijini mtandao wa kubahatisha, nunua kitabu.