Programu za risiti na kilomita kwa wakandarasi huru: karani mzuri, mshauri mbovu

Programu hizi za simu zinauzwa kwa ahadi moja: piga picha risiti, washa GPS, kodi itashuka. Kukusanya zinakusanya. Ubishi usiokwisha kati ya wakandarasi unaanzia kwenye ile alama ya kijani inayowekwa kando ya gharama, utadhani mkaguzi wa kodi ameshaipitisha.

Kwenye risiti zinastahili sifa. Risiti nyingi za mashine huchapwa kwa joto, si kwa wino, hivyo ukiziacha juani kwenye dashibodi zinakuwa nyeusi au zinafutika kabisa. Picha ya siku hiyo hiyo inaokoa. Tarakimu zinazosomwa na programu ndizo za kuhakiki, maana mara nyingine huchukua pesa uliyomkabidhi muuzaji badala ya jumla. Umenunua vitu vya 1,740, umetoa 2,000, umerudishiwa chenji 260. Daftarini inaingia 2,000. Tarehe kama 03/04 nayo inaweza kugeuzwa, siku ikasomwa kama mwezi. Ukiunganisha akaunti ya benki, ununuzi ule ule wa kadi unaingia mara ya pili. Programu isiyo na njia ya kuoanisha risiti na muamala, achana nayo.

Upande wa kilomita ni dhaifu zaidi. GPS huchelewa kuamka, gari likiwa limeshasogea, na simu inayobana betri huizima programu kimyakimya. Dawa ni kupiga picha odomita, ile mita ya jumla ya kilomita kwenye dashibodi, siku ya kwanza na ya mwisho ya mwaka wa kodi. Tuseme inasoma 48,200, kisha 66,200: gari limetembea kilomita 18,000. Za kazi zikiwa 10,800, hiyo ni asilimia 60, na ndiyo sehemu ya mafuta, bima na matengenezo ya kudai kama gharama za kazi. Pale sheria inaporuhusu kiwango maalumu kwa kila kilomita, mafuta, matengenezo na uchakavu (kushuka kwa thamani ya gari) huwa vimeshahesabiwa ndani ya kiwango hicho. Hudai tena risiti za mafuta za gari hilo hilo. Programu nyingine hupokea vyote viwili bila hata kukohoa.

Halafu kuna chaguo la kuhesabu kila safari kuwa ya kazi. Lizime. Kutoka nyumbani hadi mahali unapofanyia kazi kila siku, kwa kawaida, ni safari binafsi. Kutoka kwa mteja mmoja hadi kwa mwingine ni ya kazi. Na neno "kazi" halimtoshi mkaguzi. Andika tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, mteja na sababu: "kubadilisha pampu", "kupima chumba".

Vidokezo vya mwisho wa mwaka ndivyo vibovu kupita vyote. "Nunua kompyuta sasa upunguze kodi." Kiwango chako kikiwa asilimia 20, gharama ya 1,000 inapunguza kodi kwa 200, 800 zimetoka mfukoni mwako. Tena kompyuta ni mali ya kudumu, na sheria inaweza kutaka gharama yake isambazwe kwa miaka kadhaa kama uchakavu. Kama ulikuwa huihitaji, umepata hasara yenye risiti.

Mapato yanahitaji mkono wako pia. Jukwaa la mtandaoni linalokupatia kazi likikata kamisheni ya 150 kwenye kazi ya 1,000, benki inaonyesha 850, na programu inaandika 850. Kwenye ritani, yaani fomu ya kodi unayowasilisha, mapato ni 1,000 na kamisheni ni gharama. Vivyo hivyo kodi ya zuio, ile mteja anayoikata kwenye malipo yako: akiishikilia, andika malipo kamili na udai cheti chake. Nauli aliyokurudishia mteja usiidai kama gharama bila kuihesabu kwanza kama mapato.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, ingiza risiti tano kwenye kipindi cha majaribio kisha toa data zote. Unatakiwa kupata jedwali lenye mstari kwa kila muamala pamoja na picha zake. Ukipewa PDF ya jumla tu, kumbukumbu zako zitabaki mikononi mwa programu siku utakapoacha kulipia.