Uzoefu wangu na Revit: modeli ikiwa nzito usikimbilie kununua kompyuta mpya

Natumia Revit, programu ya kuchora majengo kama modeli ya 3D, mwaka wa saba sasa, kazi yangu ni usanifu majengo, nyumba za kuishi na maghorofa ya kawaida, na naandika haya kwa sababu ningeyajua mapema ningeokoa usiku mwingi sana. Naipenda hii programu, niliseme hilo kwanza. Ukibadilisha mlango kwenye plani unabadilika hapo hapo kwenye seksheni, kwenye elevesheni na kwenye jedwali la milango, hukimbizani na karatasi nane kusahihisha kitu kimoja, na kwa mtu aliyeanzia AutoCAD kama mimi hiyo peke yake inatosha kukufanya uvumilie mengine.

Mengine yenyewe ndo uzito. Kuna mradi wa ghorofa nne ulifika mahali faili linachukua dakika 11 kufunguka, nikizungusha 3D inakwama, inaruka, inakwama tena, nikasema RAM haitoshi nikatoka GB 16 nikaenda 32, ikapungua kidogo tu. Afu nikaanza kuona vituko: duara limekuwa na pembe pembe, mistari ya vigae inacheza cheza nikivuta karibu, nikitaka kushika kona ya ukuta kishale kinashika pembeni. Nikadhani kadi ya picha imekufa.

Kumbe ni mchoro wa mpima ardhi. Alituletea kiwanja kwenye DWG, yaani faili la AutoCAD, nami nikauingiza kama ulivyo. Nilipoufungua kwenye AutoCAD nikaandika Z, nikaandika E ili nione mchoro wote, skrini ikawa tupu kabisa isipokuwa vitone viwili, kimoja kona ya chini kushoto na kingine juu kulia mbali huko. Nikavuta kitone cha kwanza, ndo kiwanja chetu. Cha pili kilikuwa herufi moja ya maandishi, mtu aliisahau pale, na kati yake na kiwanja kuna mamia ya kilomita! Sasa Revit inataka jengo lako liwe ndani ya kilomita 16 kutoka sehemu yake ya katikati ya ndani, ukitoka nje ya hapo hesabu zake zinaanza kupoteza usahihi na ndo unaona hayo maduara yenye pembe.

Ninachofanya siku hizi ni hiki. Nachukua nakala ya DWG, nafuta takataka zote, leya zisizohitajika, hatchi, na hicho kitone cha mbali hasa, kwa sababu ukikiacha programu inapotafuta katikati ya mchoro inapata katikati ya hewa. Afu natumia Link CAD inayouunganisha mchoro ukiwa nje, sio Import CAD inayouingiza ndani, naiweka katikati kwa katikati, halafu naiambia Acquire Coordinates, yaani ichukue namba za mahali kutoka kwenye mchoro wa mpima. Hapo jengo linakaa karibu na ile sehemu ya katikati ya ndani na bado namba za mpima zinabaki sahihi kwenye ripoti. Lile faili la dakika 11 likashuka hadi dakika 4 baada ya hapo na usafi kidogo, kompyuta ile ile.

Na tafadhali usilipue DWG ndani ya Revit, yaani ile Explode inayovunja mchoro kuwa mistari mmoja mmoja. Mimi nililipua zamani nikitaka mistari michache tu, nikaachiwa mamia ya mitindo ya mistari yenye majina yanayoanza na IMPORT, nilikaa jioni nzima nazifuta. Kama unahitaji mistari minne chora mwenyewe juu ya linki, ni dakika mbili.

Uzito mwingine unatoka kwenye familia za kupakua, yaani vitu vilivyochorwa tayari kama milango. Niliwahi kushusha mlango mzuri sana, nikaja kuufungua nikakuta komeo lina skrubu na skrubu ina nyuzi zake zote zimechorwa, na mimi nimeiweka milango 60. Kwa plani ya 1:100 nani ataziona? Kanuni yangu binafsi, familia ikizidi MB 1 naifungua kwanza nione kuna nini ndani kabla haijaingia kwenye mradi. Purge Unused, ile ya kufuta visivyotumika, ifanye mara tatu mfululizo, maana mara ya kwanza ikiondoa familia ndo zile materiali zake zinakuwa hazina mwenyewe, mara ya pili inaziona.

Haya, vitu kupotea. Hili linawaumiza wanaoanza kuliko kingine chochote na nimeona watu wanachora upya kitu ambacho kipo! Mfano wa kweli, dirisha la bafu, linaanzia mita 1.8 kutoka sakafuni. Kwenye 3D lipo, kwenye elevesheni lipo, kwenye plani hamna. Sababu ni kwamba plani inakatwa kwenye urefu fulani, templeti ya metriki inakuja na milimita 1200, dirisha liko juu ya mkato. Ukipandisha mkato wa plani nzima utaharibu vingine, kwa hiyo chora Plan Region, yaani eneo lenye mkato wake, kuzunguka lile bafu tu, upandishe mkato wa hapo peke yake uwe 2000, dirisha linatokea na sehemu nyingine hazijaguswa. Kwa ujumla kitu kikipotea mimi nafuata njia moja kila siku: naandika RH nione kama kimefichwa, kama hakipo naandika VV nikague kategoria na filta, afu VR kwa mkato, afu workset (makundi ya kazi ya modeli), mwisho fezi (hatua za ujenzi). Tisa kati ya kumi hufiki mwisho.

Kitufe cha Tab nacho watu wanakisahau. Ukuta na sakafu vimelaliana, unabofya unapata sakafu, unabofya unapata sakafu, unakasirika. Weka mausi juu yake bila kubofya, gonga Tab mpaka unachotaka kiwake, ndo ubofye.

Kusevu. Revit haijisevii yenyewe, inakukumbusha tu, na ukumbusho unakuja kila dakika 30 kama hujaubadilisha, mimi nimeweka 15 na nikiuona siupuuzi. Umeme ukikatika au faili likigoma, angalia kwenye folda yale mafaili yanayoishia na 0001, 0002, hayo ni matoleo ya nyuma, usiyafute ukidhani ni uchafu.

Kwa wanaofanya kazi wengi kwenye modeli moja, hapa ndo niliumia zaidi. Tuliweka faili la kati, lile kuu ambalo kila mtu anatoa nakala yake, kwenye folda ya kawaida inayojisawazisha mtandaoni, tukaona rahisi, kila mtu analipata kwake. Siku moja mimi na mwenzangu tumesinki, yaani kupeleka mabadiliko yetu kwenye faili la kati, karibu pamoja, ile folda ikatengeneza nakala mbili, na ngazi alizochora tangu asubuhi zikabaki kwenye nakala ambayo hakuna aliyeijua. Alichora upya. Tangu hapo faili la kati linakaa kwenye seva ya ofisini, kila mtu anafungua nakala yake, na tunasinki kwa zamu, unasema kwa sauti "nasinki" wenzio wanasubiri. Faili la kati likianza kuugua, lifungue kwa kuweka alama kwenye Audit (ilikague) na Detach from Central (ilitenganishe na lile la zamani), lisevu kwa jina jipya kama faili la kati jipya, wote watengeneze nakala mpya za kwao.

Maonyo ya njano yasomeni jamani. Niliwahi kutoa jedwali la vyoo likasema 26, nahesabu kwa macho 24. Viwili vilikuwa vimelaliana pale pale juu ya vingine, nilipesti mara mbili, na onyo lilishanieleza kwamba hesabu itarudiwa, nikaliruka. Fikiria mkadiriaji gharama angeipokea vile.

Matoleo pia: faili ukishalisevu kwenye toleo jipya halirudi la zamani, hamna njia. Kubalianeni toleo siku ya kwanza ya mradi na mbaki nalo hadi mwisho.

Kwa injinia anayetumia programu nyingine mnapeana IFC, faili la modeli linalosomwa na programu mbalimbali. Muulize kwanza anataka toleo gani, IFC2x3 au IFC4, halafu kabla ya kutuma ifungue wewe mwenyewe kwenye programu nyingine, Bonsai ndani ya Blender ni ya bure, na FreeCAD tangu toleo la 1.0 la 2024 ina sehemu ya BIM, yaani ya modeli za majengo, ndani yake. Mimi nilituma rampu niliyoichora kama Generic Model, yaani kitu cha jumla kisicho na aina, kwangu inapendeza kabisa, injinia akaipokea kama kitu kisicho na jina, sio rampu wala sakafu, ikaachwa nje kwenye orodha yake na akanipigia siku tatu baadaye kuuliza magari yanapandia wapi. Saivi kila kitu cha namna hiyo naingia kwenye propati zake, pale panapouliza kitoke kama nini kwenye IFC naandika IfcRamp, nakifungua Bonsai, nakibofya, nikiona jina limekaa ndo natuma.