Karakana ya Kizota iliyonifungia upya inveta: nyota nne, ya tano wameila wenyewe

Jina la karakana silitaji, maana nina sifa zao na nina lawama zao. Wako Kizota, Dodoma mjini. Mimi nakamua alizeti Kibaigwa, kwa mota ya fezi tatu, kilowati 15.

Inveta yangu ya kwanza (lile boksi linaloipa mota umeme na kuongoza kasi yake) iliuawa na fundi mwingine kabisa. Mota ilikuwa inanguruma, akaja na mega kupima kama koili zinavuja, akabana vishikio bila kuchomoa kwenye inveta nyaya za U, V na W, zile tatu ziendazo kwenye mota. Mega inasukuma volti 500 hata 1000, na elektroniki za mle ndani hazihimili kupigwa kwa mlango wa nyuma. Ukasikika mlio mdogo, ikaja harufu, basi. Nikanunua nyingine, akaifunga huyohuyo (najua, najua). Hiyo ikawa inatekenya: kijana anayelisha mashine akiwa peku, akigusa ganda la mota anaruka. Beringi nazo zinakufa kila baada ya miezi mitatu, mimi nalaumu grisi.

Hawa wa Kizota walichelewa siku mbili, tena mwezi wa 8, magunia ya watu yamejaa hadi uwanjani. Nilishapanga maneno ya kuwapa. Kijana akafika, "Shikamoo mama," akazima meni swichi, akaipiga kufuli, ufunguo mfukoni, kisha akakaa juu ya ndoo. Nikamuuliza, umekuja kupumzika? Akanionyesha kitaa chekundu ndani ya inveta, bado kinawaka ilhali umeme umezimwa. "Kapasita za mle ndani zinatunza umeme, zilikuwa zimeshiba volti kama 560 za DC, mama. Tukae dakika 10." Zilipoisha hakuamini hata hapo, akapima kwa mita ndipo akaingiza bisibisi.

Akafungua beringi ya zamani. Njia ya gololi ilikuwa na mistari iliyopangana kama bati la migongo. Siyo grisi. Inveta inakata na kuwasha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na sehemu ya umeme huo ikikosa njia nzuri ya kurudi inapita kwenye shafti, inaruka ndani ya beringi na kuila kidogokidogo.

Na njia nzuri sikuwa nayo. Ethi ya mota, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ilikuwa imefungwa kwenye ethi ya chekeche, ya chekeche kwenye nguzo ya banda, yaani wanaazimana kama chumvi. Fimbo ya ethi iliyopigiliwa ardhini nayo ilikuwa fupi, walipoipima ikasoma omu 46, na hapo namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. "Udongo wa huku kiangazi ni chungu kilichochomwa," akasema. Wakapigilia tatu za mita 2.4, zimeachana, mojawapo karibu na pale tunapomwaga maji ya kuoshea ndoo. Ikashuka hadi 11. Kisha baa moja ya shaba ukutani, na kila mashine ina waya wake wa ethi mpaka pale.

Kilichouma ni kebo ya mota. Wakang'oa nyaya zangu za kawaida, wakadai kebo yenye wavu wa shaba, ndio uwe njia ya ule umeme kurudi kwenye inveta. Nilibisha nusu saa. Wavu wameubana kwa klampu pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mota, umeshikwa mzunguko mzima. Hawakuusokota kuwa mkia na kuufunga kwa skrubu moja kama nilivyoona kwa jirani. Waya wa swichi za kuwashia wakaupitisha njia nyingine, mbali na kebo hiyo.

Nyota moja nimekata kwa kuchelewa, na kwa sababu sijaachiwa mchoro wowote. Nimeuomba kwa simu mara mbili, naambiwa "kesho mama".

Leo ni mwezi wa tano tangu waondoke, beringi ni zilezile. Kijana bado anagusa mota kwa ncha ya kidole kwanza, kwa mazoea. Tundu walilotoboa ukutani kupitishia kebo hawakuliziba, na mjusi ameshahamia.