Tahadhari kwa wapiga vinanda wa Tanga: SH-101 za bandia zinauzwa Ngamiani

Ndugu wapiga vinanda na viongozi wa vikundi vya taarabu, yupo muuzaji anayezunguka Ngamiani na kutangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba anavyo vinanda vya Roland SH-101 vya asili, naye hudai kianzio kitumwe kwa simu kabla mnunuzi hajakiona kinanda chenyewe. Kimoja kililetwa mezani kwangu kwa matengenezo, nikakuta ni MS-1 ya Behringer, nakala ya kisasa ambayo huuzwa kihalali kwa jina lake, ila hiki kilikwanguliwa jina na kubandikwa la Roland.

Hamu ya watu naielewa. SH-101 kilitengenezwa Japani kuanzia 1982 hadi 1986, kina vibonyezo 32 na hutoa noti moja tu kwa wakati, lakini osileta yake, yaani sehemu inayozalisha sauti, husindikizwa na sauti ya pili inayoshuka oktavu moja au mbili, na hapo ndipo besi yake inaponenepa. Huvaliwa kwa mkanda kama gitaa na hutumia betri, jambo linalofaa umeme ukikatika harusini, ingawa spika nazo zitataka umeme wake. Mji uliolea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star kupenda besi si ajabu.

Kabla ya kulipa, kigeuzeni mtazame matundu ya nyuma. SH-101 kilitoka kiwandani bila midi (njia ya kidijitali ya kuunganisha vinanda na vyombo vingine), kikiwa na matundu ya CV na geti, njia ya zamani ya kuunganisha kwa volti. Muuzaji huyu hujibu kwamba fundi aliiongeza, na kweli vipo vya asili vilivyofungiwa midi baadaye, kwa hiyo tundu hilo peke yake si ushahidi. Lakini mkiona na la USB, tena limekaa sawasawa kama la kiwandani, ondokeni. Rangi nayo isiwahadae: nyekundu na bluu zilikuwa adimu kwa Roland, na muuzaji huyu huzipandishia bei, ilhali MS-1 hutolewa kwa rangi hizo hizo. MS-1 si chombo kibaya; ubaya ni kuuziwa kwa bei ya kitu cha kale.

Waliokwisha kutuma kianzio wahifadhi ujumbe wa muamala na kuupeleka polisi. Mwenye kinanda anachokitilia shaka akilete, nitakifungua mbele yake bila malipo na kumwandikia nilichokikuta ndani.